Damu ya Qiao Yulian

Qiao Yulian ni mwanamume. Nalisema hili mapema kwa sababu usipolijua utapotea, kama alivyopotea daktari aliyesoma miaka minane mjini. Yulian ni jina la kike, jina la ua, na hapa kijijini kwetu Qiaozhuang, mkoani Henan, wapo wazee watatu wenye majina ya namna hiyo. Mama yake alizika wavulana wawili kabla yake. Alipozaliwa wa tatu, bibi yake akasema mpeni jina la msichana, kifo kikija kuulizia mvulana kikute hayupo. Na kweli kifo kilipita. Lakini tangu hapo mzee wa watu hajaitwa benki, posta wala kituo cha polisi bila watu kugeuza shingo kumtafuta mwanamke.

"Kila mtu ananidanganya," hupenda kusema. "Alianza bibi yangu."

Basi hamwamini mtu. Akinunua mbolea anaionja kwa ulimi. Mpishi akimpa tambi barabarani, anazipekua kwanza kwa vijiti kama anatafuta sindano. Tunamcheka, lakini hatumcheki sana, kwa sababu tunajua mdogo wake alikufaje. Ilikuwa miaka ile watu walipokuja na trekta na mashine wakinunua damu, na sisi kwa ujinga na shida tukapanga foleni. Mdogo wake aliuza damu akajenga nyumba ya matofali. Sindano zilikuwa zilezile kwa kila mkono, na UKIMWI ukapita nazo. Nyumba ipo mpaka leo, mwenyewe hayupo. Tangu mazishi yale, mtu yeyote mwenye bomba la sindano kwa Yulian ni mwizi.

Sasa mwezi wa tatu wakaja watu wa hospitali ya mkoa. Ugonjwa wa tumbo umekula vijiji vyetu vizazi vitatu, na walikuwa na orodha ya nyumba zilizozika watu wa saratani ya tumbo, mtu mmojammoja kila nyumba. Baba yake Yulian alikufa nayo, na baba mdogo pia, kwa hiyo jina lake lilikuwa juu kabisa. Daktari Lin, binti mwembamba mwenye miwani, akasimama kwenye uwanja wa shule akatueleza. Alisema chembe za mwili huandikiana vijibarua vidogo mno, vinaitwa maikro-RNA. Uvimbe ukianza tumboni nao huandika vya kwake, vikaelea kwenye damu mwaka mzima kabla tumbo halijauma. Ukivisoma, unajua ni nani achunguzwe mapema. Mtu akishatibiwa unavisoma tena, vikiwa vimepungua unajua dawa imeshika.

"Kipimo hakisemi una saratani," alisema. "Kinasema tu, njoo tuchungulie."

Yulian akainuka kutoka nyuma. "Na hivyo vijibarua ananunua nani?"

"Hakuna anayenunua, mzee. Ni utafiti."

"Hata wale wa trekta walisema ni kwa ajili ya wagonjwa." Akatema mate pembeni, akaenda zake kumwagilia vitunguu saumu. Wawili watatu wakashusha mikono ya mashati yao.

Mkewe alibaki. Jina lake ni Shen Caifeng, ingawa yapata miaka thelathini hakuna aliyelitamka. Ni Mama Haitao tu. Aliyetoa damu alikuwa anapewa trei ya mayai na chupa kubwa ya mafuta ya kupikia. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa kiganja, kama kawaida yake, akayatazama yale mayai. Ndani ya darasa sauti ikaita: "Qiao Yulian! Qiao Yulian yupo?" Ikaita tena. Akaona mayai yanakwenda hivihivi. Akaingia.

Nani angemkatalia? Jina la mwanamke, aliyeingia mwanamke. Daktari Lin mwenyewe alimtafuta mshipa, akamchoma mara tatu, akaomba radhi. Kwenye fomu, penye jinsia, akaandika Ke. Jioni Daktari Pang wa zahanati ya kijiji, aliyekuwa nje siku nzima akipanga foleni, akazipitia fomu moja moja. Alipoifikia ile akaguna. Kumbe mkaidi alirudi akatoa! Watoto wa mjini hawa! Akaikata Ke kwa kalamu yake ya bluu, akaandika Me, akaridhika. Mambo yaliharibiwa na mtu mwaminifu kuliko wote.

"Haya mayai yametoka wapi?" Yulian aliuliza asubuhi yake.

"Yamegawiwa."

"Kwa ajili gani?"

"Kwa wazee."

Akaliinua yai juani, akalinusa, akalitikisa sikioni. Kisha akala mawili, na kesho yake mawili, mpaka trei ikaisha.

* * *

Simu ilikuja mwezi wa tano. Daktari Lin alimpigia Daktari Pang: vijibarua vya Qiao Yulian vimepanda juu mno, aletwe hospitali mapema, aelezwe mwenyewe.

"Mwenyewe hatumwambii," alisema Daktari Pang.

"Daktari, ni haki yake."

"Huko kwenu ni haki. Hapa kwetu ukimwambia mtu ana ule ugonjwa, umemuua kabla haujamuua. Tutamwambia mwanawe."

Ndivyo tulivyo, wala sijui nani alituanzishia. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua. Watoto wanajua, majirani wanajua, mbwa wa mlangoni anajua, yeye mwenyewe anaambiwa ni gesi. Baba yake Yulian aliambiwa ni gesi mpaka siku alipofunikwa shuka.

Haitao, mtoto wao wa pekee, anafunga lifti za maghorofa Zhengzhou. Alifika siku ya tatu, akasema kazi imesimama kidogo. Alimkuta mama yake jikoni amejikunja juu ya jiko, mpini wa upawa ameukandamiza chini ya kifua. Kila mtu nyumbani alizoea kumwona hivyo. Lilikuwa tumbo lake la zamani.

"Mama, funga mlango."

Akafunga.

"Baba ana ule ugonjwa. Damu yake imeonyesha."

Mama Haitao aliuacha upawa uanguke. Haitao akamshika mabega, akidhani ni mshtuko wa mke kwa mumewe. Mimi nakwambia, mwanamke yule katika pumzi moja alielewa yote: mayai, jina, sindano tatu. Alielewa kabla ya madaktari wote wa mkoa.

"Damu ya nani?" aliuliza.

"Ya Baba. Imeandikwa Qiao Yulian."

"Na kama... na kama karatasi imekosea mtu?"

"Mama, usijidanganye." Haitao alikuwa analia sasa, jibaba la miaka thelathini na minne. "Kila mtu husema hivyo mwanzoni. Nimesoma kwenye simu. Hatua ya kwanza ni kukataa."

"Sikatai. Nauliza tu."

"Basi usiulize. Tumpeleke, wamchungulie, tujue. Na usimwoneshe uso wa huzuni. Nikutegemee?"

Angeweza kusema hapohapo. Neno lilifika kwenye meno. Lakini alimtazama mwanawe anavyofuta machozi kwa mkono wenye grisi, akaona jinsi mzigo ule ulivyokwisha kumkalia kwa ajili ya baba, akaogopa kuuhamisha. Akaogopa na lile tumbo. Mtu anaweza kuishi na maumivu miaka mitano akiyaita ya zamani. Akishayapa jina jipya, ataishi nayo vipi? Akajiambia: watamkuta mzima, watasema kipimo chao kibovu, yataisha.

"Nitegemee," akasema.

* * *

Yulian alianza kunusa jambo siku ya samaki.

Samaki mzima, siku ya kawaida, bila sikukuu wala mgeni! Na jicho na shavu, sehemu tamu kuliko zote, vimewekwa upande wake. Akaweka vijiti chini.

"Nani amekufa?"

"Kula, Baba," alisema Haitao.

"Nauliza nani amekufa. Au mmeuza shamba?"

"Hakuna aliyeuza kitu. Nimekuja kuwaona tu, mbona unanihoji kama polisi?"

"Mwaka jana mafuriko yalibomoa ukuta, nikakupigia, ukasema huna nafasi. Mwaka huu hakuna mafuriko, upo siku nne, unaniosha miguu. Kulikoni?"

"Baba, bwana."

"Mnanilisha kama nguruwe wa sikukuu. Nguruwe mwenyewe akipewa chakula kizuri huwa anajiuliza, sembuse mimi?"

Mama Haitao alicheka, na hakukuwa na furaha ndani yake. Yulian akamgeukia. Huyo ndiye aliyemtia wasiwasi kuliko mwana. Miaka thelathini na sita walikuwa wakigombana kila siku kuhusu chumvi. Sasa siku nne nzima chakula kilikuwa na chumvi, hakikuwa na chumvi, alimfokea, naye akajibu "haya". Mwanamke wa Henan akikwambia "haya" mara tatu, angalia paa la nyumba yako.

Alimfuata Daktari Pang zahanati kumchunguza kijanja.

"Pang, mimi nina ugonjwa?"

"Ugonjwa gani tena, kaka? U mzima kama punda." Akampa sigara. Sigara nzuri, ya kwenye boksi gumu. Daktari Pang, ambaye miaka yote huomba za wenzake!

Yulian aliitazama ile sigara muda mrefu. "Naona," alisema. "Kumbe na wewe umo." Akaitia mfukoni, hakuivuta, akaondoka nayo kama ushahidi.

Kitu kimoja hakukiona. Alikagua samaki, alikagua sigara, alikagua hati ya shamba chini ya godoro akaikuta ipo. Sahani ya mkewe hakuitazama. Angeitazama angeona kipande kilekile cha mkate wa mvuke kikienda mezani na kurudi jikoni, asubuhi na jioni, kimeng'atwa pembeni tu. Tuna msemo, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa anapekua nguo za majirani.

Haitao alipomwambia kwamba wilaya inapima wazee bure, Jumatatu, mkoani, asile kitu tangu jioni, Yulian aliachia meno yote.

"Bure?"

"Bure."

"Nitakwenda. Nataka nione mwisho wa mchezo wenu."

Mama Haitao akavaa koti lake la kijivu naye. Alisema atamsindikiza. Asubuhi ile hakula kitu. Haitao akamsifu moyoni kwa kufunga pamoja na mumewe.

* * *

Ukumbi wa nje ya chumba wanamochungulia tumbo kwa mpira wenye kamera ulijaa. Watu walikaa wameshika makaratasi, na kila mgonjwa alikuwa na ndugu watatu waliomzunguka kwa nyuso za furaha ya uongo. Yulian alizihesabu zile nyuso akaielewa sehemu aliyoletwa. Mzee si mjinga.

"Haitao."

"Naam, Baba."

"Babu yako niliwahi kumleta jengo kama hili. Nilimwambia ni gesi. Nilikuwa navaa uso huohuo uliouvaa wewe."

Haitao akainamisha kichwa.

"Ni tumbo, sivyo?"

"Baba... ni kuchungulia tu. Huenda si chochote."

"Mmejuaje?"

"Damu ilionyesha."

"Damu ipi?"

"Ile uliyotoa shuleni."

Yulian alimtazama mwanawe, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka watu wakageuka. Akapiga paja. "Mimi? Mimi nitoe damu? Nilikuwa kwenye vitunguu siku hiyo! Sijachomwa sindano na mtu tangu nimzike mdogo wangu! Mmeona? Mmeona sasa? Wametunga damu, wakaiandika jina langu, wapate kunipasua!" Alikuwa amesimama, anang'aa, mtu aliyeishi miaka sitini na mitatu akingoja dunia ikamatwe na kitu cha wizi mkononi. "Twendeni nyumbani. Mama Haitao, inuka! Nilisema, sikusema?"

Mama Haitao hakuinuka.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Lin akatoka na faili. "Qiao Yulian!"

Shingo zikageuka kutafuta mwanamke, kama kawaida. "Ndiye mimi," alisema Yulian kwa ukali, "na nina maneno na wewe."

Lakini Daktari Lin alikuwa amempita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akainama mbele ya koti la kijivu, akamshika mama mkono.

"Mama Yulian, karibu. Sijakusahau. Mshipa wako ulinisumbua siku ile, nilikuchoma mara tatu. Pole sana. Umekula chochote leo?"

"Sijala," alisema Mama Haitao. "Tangu jana."

"Daktari, Yulian ni mimi," Yulian alisema, safari hii polepole.

"Mzee, tafadhali. Huyu mama mimi mwenyewe nilimtoa damu."

Akalifungua faili, akakuta ile Ke iliyokatwa kwa wino wa bluu, akamtazama mzee, kisha mama. Haitao alikuwa amejiegemeza ukutani. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Yulian alikaa. Alimtazama mkewe, na sasa alimtazama sawasawa, kama anavyotazama mbolea. Mfupa wa shingo uliochomoza. Pete iliyozungushiwa uzi isidondoke. Mkono kwenye tumbo. Tangu lini?

"Mayai," alisema.

"Yalikuwa yanakwenda bure," mkewe alijibu.

"Niliyala mimi. Yote."

"Uliyapenda."

"Ulijua tangu Haitao alipokuja?"

"Nilijua."

"Na ukanipikia samaki. Ukaniacha niitwe maiti wiki nzima, nawe unajua ni..." Hakumaliza. Hasira ilimpanda, haikupata pa kukaa, ikateremka. "Kwa nini hukusema, mwanamke wewe?"

Mama Haitao alifikiri kidogo, kama ameulizwa jambo la jikoni.

"Nyumba nzima ilikuwa imeshika pumzi kwa ajili yako, Baba Haitao. Mmoja anakuosha miguu, mmoja anakupa sigara. Ningesema ni mimi, nani angepika?"

Haitao akaanza kulia waziwazi, hakujificha tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Lakini yule hakuficha ili adanganye. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daktari Lin akasema kwa upole kwamba nafasi ya leo ipo, na mama hajala, na kama ndugu wanakubali anaweza kuingia sasa hivi, majina watayasahihisha. Alisema vijibarua vilipanda lakini tumbo huenda halijaharibika bado, kwamba watu huwahiwa wakati uvimbe ni mdogo kama punje ya choroko, ukakatwa kwa mpira huohuo. Alisema huenda. Alirudia neno hilo mara mbili, na Yulian, anayechukia neno huenda kuliko maneno yote, alilishika kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Naogopa," Mama Haitao alisema. Alimwambia mumewe, sauti ndogo. "Turudi nyumbani. Si umesema twende nyumbani?"

"Nilisema."

"Basi twende."

Yulian aliinuka akamwinua na yeye. Akamfunga kifungo cha juu cha koti, kisha akakumbuka kwamba huko ndani watalivua, akakifungua.

"Nenda," alisema. "Umeitwa."

"Wameita wewe."

"Maisha yangu yote wakiita jina hilo wanatafuta mwanamke. Leo wamempata. Nenda, Caifeng."

Miaka mingapi hajasikia hilo jina? Alimtazama kama mtu anayemfananisha. Halafu akaingia, na mlango ukafungwa.

Muuguzi akaja na karatasi ya ridhaa, kurasa nne za maandishi madogo: hatari za dawa ya usingizi, ruhusa ya kukata kipande, ruhusa ya kuchukua damu tena. Haitao alinyoosha mkono aipokee, kwa kuwa baba yake husoma karatasi ya umeme kwa siku mbili. Yulian akaiwahi. Akaifungua ukurasa wa mwisho.

"Soma kwanza, mzee," alisema muuguzi.

"Nionyeshe tu pa kuandika."

Muuguzi akamwonyesha. Akaandika polepole, akikandamiza kalamu. Muuguzi akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, mzee, hapa si jina la mgonjwa. Hapa ni jina la mume."

"Ndilo hilo," alisema Qiao Yulian. Akavua koti, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha. "Na mkitaka damu, hii hapa."